Manute Bol: mchunga ng'ombe wa Turalei aliyeuza urefu wake ili kuwalisha ndugu zake

Miongoni mwa wachezaji waliodumu katika ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, yuko mmoja tu aliyestaafu akiwa amezuia mitupo mingi ya wapinzani kuliko pointi alizofunga yeye mwenyewe. Katika michezo 624 alifunga pointi 1,599, na akazuia mitupo 2,086. Mchezaji huyo ni Manute Bol, mwana wa wafugaji wa Kidinka kutoka eneo ambalo leo ni nchi jirani ya Sudan Kusini.

Bol alikuwa na urefu wa mita 2 na sentimita 31. Kwa muongo mzima Wamarekani walilipa viingilio ili wamtazame, wengine kwa kumstaajabia, wengine kwa kumcheka. Yeye alizipokea fedha zao na kuzipeleka kwa wakimbizi wa vita vya nyumbani kwao, mpaka zikamwishia. Alipofariki dunia tarehe 19 Juni 2010 hakuwa tajiri, na nchi aliyoipigania ilikuwa bado haijazaliwa.

Mwana wa wafugaji

Kwa mujibu wa kumbukumbu rasmi, Bol alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1962. Hata hivyo, tarehe hiyo haina cheti cha kuithibitisha. Vijijini mwa Wadinka wakati ule kuzaliwa kwa mtoto hakukuandikwa popote, na miaka mingi baadaye mmoja wa makocha wake wa Marekani alidai kwamba ndiye aliyeibuni. Kijiji chake ni Turalei, katika eneo ambalo sasa ni jimbo la Warrap, kusini mwa Abyei. Jina Manute kwa kawaida hufasiriwa kuwa na maana ya baraka ya pekee.

Wadinka, ambao wenyewe hujiita Jieng, ni miongoni mwa watu warefu kuliko wote duniani. Hata kwa kipimo chao, ukoo wa Bol ulikuwa wa aina yake: mama yake alipita mita 2, na babu wa baba yake, chifu Bol Chol, husimuliwa kwamba alimzidi hata kitukuu wake. Kwa hiyo urefu haukuwa ugonjwa wala ajabu nyumbani kwao. Ulikuwa urithi, kama yalivyokuwa majina ya mababu.

Utoto wake ulipita katika kambi za ng'ombe. Kisa kimoja cha miaka hiyo kilimfuata maisha yake yote: kwamba alimuua kwa mkuki simba aliyekuwa akiwinda mifugo ya familia. Magazeti ya Marekani yalikirudia kisa hicho mara zisizohesabika, kana kwamba kinatosha kumweleza mtu mzima. Hayakuandika kwa wingi kiasi hicho juu ya kazi ya kila siku ya mchungaji, ya kuwahesabu ng'ombe jioni na kuwatafutia maji wakati wa kiangazi.

Alianza kwa kupenda soka, lakini urefu wake ulimshinda. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jamaa zake walimshauri ajaribu mpira wa kikapu, naye akajifunza mchezo huo katika mji wa Wau, kisha Khartoum. Siku za mwanzo, alipojaribu kuutumbukiza mpira kwa mikono katika kikapu, meno yake yaligonga pete na kuvunjika. Hakukata tamaa. Katika muda mfupi alikuwa akichezea klabu mjini Khartoum na timu ya taifa ya Sudan.

Safari ya kwenda Marekani

Mwaka 1982 Don Feeley, kocha kutoka Marekani, alikwenda Sudan kufundisha mpira wa kikapu. Alipomwona Bol, alimshawishi aende Marekani. Bol aliwasili huko mwaka 1983, mwaka uleule ambao vita vya pili vya wenyewe kwa wenyewe vililipuka Sudan baada ya maasi ya wanajeshi wa kusini mjini Bor. Kijana aliyeondoka kwenda kutafuta mchezo alijikuta yuko ng'ambo huku nyumbani kukiungua.

Mwanzo haukuwa mwepesi. Timu ya San Diego Clippers ilimchagua mwaka huohuo katika uteuzi wa wachezaji wapya, lakini wakuu wa ligi waliufuta uteuzi huo kwa sababu taratibu za kujiandikisha hazikufuatwa. Pasipoti yake ilionyesha kwamba ana urefu wa futi 5 na inchi 2, na inasimuliwa kwamba maofisa walimpima akiwa ameketi. Kiingereza chake kilikuwa kidogo mno, hivyo chuo kimoja mjini Cleveland kilichokuwa kikimtaka hakikuweza kumsajili. Alitumia miezi mingi darasani akijifunza lugha, mbali na watu wake, akiwa kivutio cha macho kila alipotoka nje.

Mwaka 1984 alijiunga na Chuo Kikuu cha Bridgeport katika jimbo la Connecticut. Katika msimu mmoja alifunga wastani wa pointi 22 na nusu kwa kila mchezo na kuzuia mitupo 7. Ukumbi mdogo wa chuo ulifurika watu.

Angeweza kuendelea na masomo, lakini habari kutoka nyumbani zilikuwa mbaya. Aprili 1985 Rais Jaafar Nimeiry alipinduliwa, vita vikaendelea, na dada yake Bol alikuwa bado Sudan. Bol aliona kwamba njia pekee ya kupata fedha za kumtoa huko ni kucheza kwa malipo. Akaacha chuo. Mwaka huohuo timu ya Washington Bullets ilimteua akiwa wa 31 katika orodha ya wachezaji wapya.

Mikono iliyobadili mchezo

Ili kuelewa thamani yake uwanjani, yafaa kuikumbuka kanuni moja ya mpira wa kikapu. Mchezaji wa ulinzi haruhusiwi kuugusa mpira uliorushwa kikapuni ukishaanza kushuka. Ni lazima auwahi ukiwa bado unapanda, yaani katika sehemu ndogo ya sekunde. Walinzi wa kawaida huruka ili kuifikia nafasi hiyo. Bol alikuwa ameshaifikia kabla ya kuruka. Kutoka ncha ya mkono mmoja hadi ya mkono wa pili alikuwa na mita 2 na sentimita 59, na aliponyoosha mikono juu, vidole vyake vilipita pete ya kikapu, iliyo mita 3 na sentimita 5 kutoka sakafuni.

Katika msimu wake wa kwanza, wa 1985 hadi 1986, alizuia mitupo 397, wastani wa takriban mitano kwa kila mchezo. Hakuna mchezaji mgeni katika ligi aliyewahi kufikia idadi hiyo. Mara mbili alizuia mitupo 15 katika mchezo mmoja. Lakini takwimu hazikuonyesha mitupo ambayo haikurushwa kabisa: wafungaji waliokaribia kikapu walimwona, wakasita, wakarudisha mpira nyuma au wakaurusha juu mno ukapotea.

Udhaifu wake pia haukufichika. Alikuwa na uzito wa takriban kilo 91 tu, mdogo sana kwa mtu wa kimo kile, na wachezaji wenye misuli walimsukuma kwa urahisi. Katika ushambuliaji alifunga kidogo. Makocha walimtumia kama mtu anavyotumia ufunguo mmoja kwa mlango mmoja.

Msimu wa 1987 hadi 1988 klabu ya Washington ilimsajili Muggsy Bogues, mwenye urefu wa sentimita 160. Mchezaji mrefu kuliko wote katika ligi na mfupi kuliko wote wakavaa jezi moja, na picha yao wakisimama bega kwa kiuno ilienea duniani. Watu walicheka. Wachezaji hao wawili walijua vema kwa nini wanapigwa picha, na walifanya kazi yao.

Mwaka 1988 Bol alihamia Golden State Warriors, California. Huko kocha Don Nelson alimruhusu kurusha mpira kutoka mbali, nje ya mstari wa pointi tatu, jambo lisilotarajiwa kwa mchezaji wa kimo chake. Mashabiki walimpigia kelele za kumhimiza kila alipoushika mpira nje ya mstari huo. Katika msimu wake wa kwanza huko alizuia mitupo 345 na kuongoza ligi nzima. Baadaye alichezea Philadelphia 76ers, na mwaka 1993, katika mchezo dhidi ya Phoenix, alifunga mitupo 6 ya pointi tatu ndani ya kipindi cha pili pekee. Mwaka 1994 alicheza michezo yake ya mwisho ya NBA. Baada ya hapo alijaribu bahati katika ligi ndogo za Marekani, Italia na Qatar, mpaka maumivu ya viungo yakamsimamisha.

Fedha zilikokwenda

Wachezaji wengi wa enzi yake walinunua majumba na magari. Bol naye hakuwa mtawa, kwani alipenda maisha na urafiki. Lakini sehemu kubwa ya kipato chake, ambayo hukadiriwa kufikia dola milioni 3 na nusu, iliishia upande wa pili wa dunia. Alisaidia kambi za wakimbizi wa Sudan, akawatunza jamaa waliokimbia mapigano, na akaliunga mkono vuguvugu la SPLM/SPLA lililoongozwa na John Garang. Alianzisha pia mfuko wa Ring True kwa ajili ya kukusanya misaada.

Vita hivyo, vilivyodumu kuanzia 1983 hadi 2005, viliua watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2, wengi wao kwa njaa na maradhi. Eneo la Bahr el Ghazal, alikotoka Bol, lilishambuliwa tena na tena na wanamgambo waliopanda farasi, walioteketeza vijiji, kuiba ng'ombe na kuteka wanawake na watoto. Mwaka 1998 njaa kubwa ililikumba. Bol alipoteza idadi kubwa ya jamaa zake katika miaka hiyo. Wakati akiwa mchezaji alikwenda Washington si kwa ajili ya michezo tu, bali pia kuwaeleza wabunge wa Marekani yanayotokea kusini mwa Sudan, katika siku ambazo wengi wao hawakuwa na habari.

Kukwama Khartoum

Mwaka 1997 serikali ya Sudan ilitiliana saini makubaliano ya amani na baadhi ya makundi ya kusini yaliyojitenga na Garang. Bol aliyaamini, au alitaka kuyaamini. Alirudi Khartoum na kuishi huko kwa miaka kadhaa, akitumaini kwamba jina lake litasaidia kuzipatanisha pande mbili.

Makubaliano hayo yalivunjika. Alielezwa kwamba angeweza kupewa wadhifa wa waziri wa michezo, kwa sharti la kusilimu. Bol alikuwa Mkristo, naye alikataa. Baada ya hapo maisha yake yalibanwa. Alituhumiwa kuwasaidia waasi, na kibali cha kuondoka nchini kikawa vigumu kukipata. Fedha zilikwisha, na mtu aliyewalisha wengine akawa anauza vitu vya nyumbani ili familia yake ipate chakula. Hatimaye alifanikiwa kuvuka hadi Misri, na kwa msaada wa marafiki na wanasiasa wa Marekani akapokelewa tena katika nchi hiyo, safari hii akiwa mkimbizi.

Hata hivyo, miaka yake ya Misri na Sudan haikupotea bure. Miongoni mwa watoto wa wakimbizi wa Sudan waliokuwa wakiishi Misri katika miaka ya 1990 alikuwamo Luol Deng, mwana wa familia ya Kidinka iliyokimbia vita. Bol alimfundisha yeye na ndugu zake misingi ya mpira wa kikapu. Mbegu hiyo ingeota baadaye.

Kichekesho chenye bei yake

Mwaka 2002 Wamarekani walimwona Bol tena katika televisheni, akiwa amevaa glovu za ndondi. Alipambana na William Perry, mchezaji wa zamani wa mpira wa miguu wa Kimarekani mwenye mwili mkubwa na uzito mara mbili ya wake. Alishinda kwa uamuzi wa majaji. Mwaka huohuo klabu moja ya mpira wa magongo wa barafuni huko Indianapolis ilimpa jezi kwa siku moja, ingawa hakuingia uwanjani. Mwaka uliofuata alipewa leseni ya kuwa mpanda farasi wa mashindano, mtu ambaye miguu yake ingeweza kugusa ardhi akiwa juu ya farasi.

Wapo walioona haya kwa niaba yake. Walisema kwamba shujaa wa Waafrika amegeuzwa kuwa mchezo wa sarakasi. Hoja yao haikuwa bila uzito, kwa maana biashara ya kuonyesha miili ya Waafrika kwa kiingilio ina historia ndefu na chungu katika nchi za Magharibi. Lakini Bol alijua anachokifanya. Katika pambano la ndondi aliweka sharti kwamba watazamaji waelezwe namna ya kuchangia mfuko wake. Watu walikuwa wakimcheka tangu aliposhuka katika ndege mwaka 1983, iwe analipwa au halipwi. Yeye aliamua walipe, na malipo yapate kazi.

Mwaka 2004 taksi aliyokuwa amepanda katika jimbo la Connecticut ilipata ajali, naye akarushwa nje na kuvunjika shingo. Alinusurika, lakini mwili wake haukurudi ulivyokuwa. Wachezaji wenzake wa zamani walichangishana fedha za kumsaidia. Alihamia baadaye mji wa Olathe, jimbo la Kansas, akiishi maisha ya kawaida na familia yake. Alikuwa na watoto 10.

Matofali ya Turalei

Tarehe 9 Januari 2005 serikali ya Sudan na SPLM zilitia saini mjini Nairobi mkataba wa amani ulioahidi kura ya maoni kusini. Bol hakuona huo kuwa mwisho wa kazi. Alishirikiana na shirika la Sudan Sunrise katika mpango wa kujenga shule, ya kwanza ikiwa nyumbani kwao Turalei, na alitaka iwapokee watoto wa Kikristo na wa Kiislamu bila ubaguzi.

Uzito wa sharti hilo wanaujua waliopitia vita. Wengi wa askari waliotumwa kupigana kusini walikuwa Waislamu maskini kutoka Darfur. Mwaka 2003 vita viliwageukia watu wa Darfur wenyewe, na vijiji vyao vikachomwa kama vilivyochomwa vya Wadinka. Bol, ambaye angekuwa na kila sababu ya kunyamaza, alisimama kuwatetea. Mwaka 2006 alishiriki matembezi ya wiki tatu kutoka New York hadi Washington yaliyoitisha amani na uhuru nchini Sudan, akiwa na viungo vinavyouma na shingo iliyowahi kuvunjika.

Alikwenda Sudan tena kuufuatilia ujenzi wa shule. Uchaguzi mkuu wa Aprili 2010 ulipokaribia, aliombwa na Rais wa Sudan ya Kusini, Salva Kiir, abaki zaidi ili asaidie kuhamasisha wananchi na kukemea rushwa. Alikubali, ingawa afya yake ilikuwa imedhoofu. Figo zilianza kushindwa, kisha akapatwa na ugonjwa wa nadra na wenye maumivu makali unaobabua ngozi, ambao mara nyingi husababishwa na dawa. Alirudishwa Marekani akiwa mahututi na kulazwa katika hospitali ya mjini Charlottesville, jimbo la Virginia. Huko ndiko alikofariki, akiwa na umri wa miaka 47 kwa hesabu rasmi.

Ibada ya kumuaga ilifanyika katika Kanisa Kuu la Kitaifa mjini Washington, na jeneza lake, lililotengenezwa kwa kipimo chake, lilisafirishwa hadi Turalei kwa maziko.

Yaliyobaki

Januari 2011 wananchi wa kusini walipiga kura, na karibu 99 katika kila 100 walichagua kujitenga. Tarehe 9 Julai mwaka huo bendera ya Sudan Kusini ilipandishwa mjini Juba. Bol hakuiona. Hakuviona pia vita vilivyozuka Desemba 2013 baina ya viongozi walewale waliokuwa pamoja msituni, wala mwaka 2016, nchi yake ilipokaribishwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Mwanawe, Bol Bol, aliyezaliwa Khartoum mwaka 1999, naye alifika NBA. Luol Deng aliteuliwa mara mbili kuwa miongoni mwa nyota wa ligi hiyo, kisha akawa rais wa shirikisho la mpira wa kikapu la Sudan Kusini. Chini ya uongozi wake timu ya taifa, ambayo wachezaji wake wengi ni watoto wa wakimbizi, ilishiriki Kombe la Dunia la 2023 na kufuzu kwa Olimpiki ya Paris ya 2024. Huko iliifunga Puerto Rico pointi 90 kwa 79. Siku chache kabla, mjini London, ilikuwa imeikosa Marekani kwa pointi moja tu katika mchezo wa kirafiki.

Nchini mwao viwanja vya ndani vyenye sakafu ya mbao bado ni haba, na vijana wengi huanza kucheza juu ya udongo au saruji, kama alivyoanza mchunga ng'ombe wa Turalei. Tofauti ni kwamba wao wanalijua jina la aliyetangulia, na wanajua alikozipeleka fedha zake.